Uliza Dokta wa Mifugo: Mbwa ana upele, na sasa watoto wanajikuna

Tangu masika yaanze meseji zenu nyingi ni za jambo moja, mbwa ana upele, mbwa amenyonyoka, mbwa ananuka, na watu wa nyumbani wameanza kuwashwa. Kwa hiyo leo nimeweka pembeni maswali ya kuku na ng'ombe, yatakuja, ntajibu haya ya upele tu maana hayawezi kusubiri. Majina nimeyatoa, nimeacha mitaa.

SWALI: Dokta habari za kazi. Tunaishi Mbagala, tumepanga vyumba viwili, baba mwenye nyumba ana mbwa wa ulinzi anaitwa Simba. Toka mwezi uliopita Simba anajikuna usiku kucha mpaka mnyororo unalia getini hatulali, kingo za masikio zimekauka zinamwaga unga kama makombo ya mkate, na viwiko havina manyoya. Sasa wanangu wawili wana vipele mikononi na tumboni, mdogo ndo kazoea kulala naye barazani mchana. Baba watoto anasema Jumamosi anamtia kwenye gunia anakwenda kumtupa Pugu dampo. Mimi roho inaniuma, lakini na watoto nawaonea huruma. Nifanyeje? – Mama wa wawili, Mbagala

JIBU: Salama mama, pole na watoto. Kwanza mwambie baba watoto lile gunia alirudishe stoo. Sisemi hivi kwa sababu nawapenda mbwa tu, nasema kwa sababu kumtupa Simba hakuwaponyi wanenu. Wadudu wameshadondoka kwenye hilo baraza, kwenye tambara analolalia, labda na kwenye mkeka wa mtoto, na mbwa akiondoka wao wanabaki siku kadhaa. Afu huko Pugu kuna mbwa koko wanaokula takataka, ukiwaachia mwenye upele hawachelewi kuambukizana, na wale hawakai dampo, wanazunguka mpaka Gongo la Mboto, wanapita chini ya mageti ya watu, wanalala kwenye mchanga wa ujenzi ambao asubuhi watoto wanacheza. Yaani mtakuwa mmeutoa upele uani kwenu mkaumwaga mjini. Na hapo sijasema kwamba Simba ana mwenyewe, na nchi hii tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, mwenye mnyama ana wajibu wa kumtunza. Huyo baba mwenye nyumba ndo wa kubanwa, sio mbwa.

Sasa huyu mdudu. Ni jamii ya utitiri, kama ule wa kuku, ila huyu anaishi ndani ya ngozi, kitaalamu anaitwa Sarcoptes scabiei, hafiki hata nusu milimita kwa hiyo usihangaike kumtafuta kwa macho kama unavyomtafuta kupe. Jike anachimba kijia kwenye ngozi anataga humo humo, mayai yanaanguliwa baada ya siku 3 hadi 5 hivi, na toka yai mpaka awe mdudu mzima naye anayetaga ni kama wiki 2 mpaka 3. Hizo wiki 3 zishike mama, ndo zinazowashinda watu wengi.

Ulivyoeleza dalili umeeleza vizuri kuliko hata wengine wanaonitumia picha. Kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma, tumbo na kwapa, huko ndiko anakoanzia, mgongo mara nyingi unabaki mzima mwanzoni. Kuna kitu unaweza kukifanya hapo hapo nyumbani kabla dokta hajaja: vaa glavu au hata mfuko wa plastiki mkononi, shika ukingo wa sikio la Simba uusugue taratibu kati ya vidole viwili, ukiona mguu wa nyuma wa upande ule ule unaanza kupiga piga hewani kama anataka kujikuna, basi upele ni wa kushukiwa sana. Sio kipimo cha kumaliza ubishi ila mimi nakitumia kila siku. Dokta atakuja na kijembe, atakwangua ngozi mpaka itoe kadamu kidogo, aangalie kwa hadubini. Na nikuambie mapema, mara nyingi hatuwaoni hata kama wapo, wanakuwa wachache na wamejichimbia, kwa hiyo akikwangua asione kitu bado ana haki ya kumtibu kwa dalili, usimwone kama anakula hela yako. Temeke hapo hapo karibu na kwenu kuna maabara kuu ya veterinari, TVLA, kipimo kinaweza kupelekwa kule, na hata afisa mifugo wa kata yenu anaweza kukuonyesha pa kuanzia.

Watoto. Huyu utitiri wa mbwa akimpanda binadamu anajaribu kuingia kwenye ngozi, anawasha sana, anatoa vipele vyekundu vidogo pale mbwa alipoegemea, ndo maana wanao wana vipele mikononi na tumboni, ni pale wanapomkumbatia. Lakini kwetu hawezi kuzaliana akajenga ukoo, anakufa. Mbwa akitibiwa na kitanda chake kikasafishwa, vipele vya mtoto vinakauka vyenyewe ndani ya wiki chache. Mimi mwenyewe vimenipata, nilimbeba mtoto wa mbwa mwenye upele bila glavu, nikamshikilia kifuani nikimtafutia mshipa, na kesho yake sehemu ya ndani ya mikono yote miwili inawaka, ilichukua kama siku kumi kutulia na sikupaka chochote zaidi ya kuoga na kujizuia kukuna.

Ila sikiliza hapa mama, usije ukasema ni mbwa tu halafu kumbe sio. Binadamu tuna upele wetu wenyewe, mdudu ni ndugu na huyu wa mbwa ila yule wa kwetu anazaliana kwetu na anahama mtu kwa mtu, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika maana unasumbua familia nyingi. Huo unakaa katikati ya vidole, viganjani, kwenye kiuno, kwapani, sehemu za siri, unawasha usiku zaidi, na ukiona mpaka wewe na baba watoto ambao hamgusi mbwa mnajikuna basi elekea huko. Nenda kituo cha afya na watoto wote, sema wazi kwamba na mbwa wa nyumbani ana upele, daktari wa watu ataangalia. Ukiwa ni ule wa binadamu atawapa dawa ya kupaka, mara nyingi ile nyeupe ya maji watu wanaiita BBE, na nyumba nzima mnapaka siku moja hata asiyewashwa. Mtoto akiwa na vidonda vyenye usaha au homa usingoje wiki, nenda leo, bakteria wakiingia kwenye hivyo vidonda wanaweza kuleta matatizo mpaka ya figo. Na tafadhali dawa ya mbwa usimpake mtoto. Nimeshakutana nalo hilo, mama aliona mbwa kapona akasema ngoja na mtoto apate kidogo.

Nyumbani sasa. Mdogo asilale na Simba mpaka dokta aseme, mpeni Simba kona yake yenye kivuli na maji, msimfunge juani kama adhabu. Anayemhudumia awe mmoja, mtu mzima, avae glavu na nguo ya mikono mirefu na akimaliza abadilishe anawe. Lile tambara lichomeni, ni bei rahisi kuliko kulifua, mpeni gunia safi mnalobadilisha kila siku mbili tatu, la zamani linachemshwa. Shuka na nguo za watoto zifueni kwa maji ya moto, yale ambayo mkono unayakataa, maana mdudu huyu kwenye nyuzijoto 50 kwa dakika 10 anakufa, afu anika kwenye jua la saa sita. Kitu kisichofulika kama mdoli, kifungie kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima, bila ngozi ya kula anakufa humo. Baraza piga deki na maji ya moto na sabuni. Na kola ya Simba jamani, na mnyororo, watu wanasafisha kila kitu wanasahau kola, wakati ndo imekaa shingoni mwezi mzima.

SWALI: Shikamoo dokta. Mi niko Kimara, mbwa wangu alikuwa na upele, jamaa wa gereji wakaniambia nimpake oili chafu itaua wadudu wote. Nimempaka mara tatu na mara moja mafuta ya taa. Mwanzo alitulia lakini sasa hali chakula, anatapika na ngozi inachubuka kwapani. Nimpake nini kingine? – Kijana, Kimara

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimpake kitu kingine. Ukimaliza kusoma hii mwogeshe na sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe, umkaushe na taulo, umweke kivulini, umpeleke kwa dokta leo leo. Asije akakuambia mtu umtapishe, mafuta ya taa yakipanda juu yakaingia kwenye mapafu ndo unampoteza.

Sikugombezi kwa sababu najua ulitaka apone, na ushauri huo wa oili chafu umeenea mji mzima, kila gereji ukipita wana kidumu. Lakini ngoja nikueleze kinachotokea. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini imebeba mabaki ya madini na kemikali za kuungua, mbwa anajilamba, kila anachojilamba kinakwenda tumboni na kwenye ini na figo. Halafu joto letu la Dar unalijua, ukimfunika mwili mzima na tabaka la oili ngozi haipumui, inaiva. Wale wadudu wa juu juu wengine wanaweza kufa kweli ndo maana ulimwona katulia, ila waliochimba ndani na mayai wako salama kabisa, na ngozi iliyochubuka inakuwa mlango wa bakteria.

Mwaka juzi nililetewa mmoja kutoka Tandika, jike mweusi, au mimi nilidhani ni mweusi. Tulimwosha maji matatu na mwenzangu ndo tukaona ni wa rangi ya mchanga. Chini ya oili ngozi ilikuwa imeshikana na manyoya, ukivuta pamba inakuja na kipande, harufu ya gereji na usaha pamoja, na yeye katulia tu anatuangalia, hana hata nguvu ya kuguna. Huyo tulimwokoa. Upele wenyewe ulitibika kirahisi, kilichotuchukua mwezi na nusu ni vidonda vya oili.

Na haya yote yanaingia fungu moja: maji ya betri, dawa ya kunyunyizia mahindi, dawa ya mende, chumvi ya kusugulia kwenye vidonda. Mwarobaini kuogesha sio sumu kiasi hicho ila peke yake hautoi upele uliokomaa, usipoteze mwezi nao.

SWALI: Assalaam aleikum dokta. Mimi ni mzee wa Tandika. Mbwa wa jirani mwenye ukurutu anakuja kulala kwenye baraza yangu ambapo naswalia na wajukuu wanasoma hapo. Mimi mbwa simgusi. Je tunaweza kuambukizwa bila kumgusa?

JIBU: Waaleikum salaam mzee wangu, shikamoo. Mambo ya twahara wanayajua masheikh, mimi nakujibu upande wa ugonjwa. Mdudu huyu haruki kama kiroboto wala hapai, anatembea tu tena polepole, kwa hiyo ambukizo kubwa ni ngozi kwa ngozi. Ila akidondoka na gamba la ngozi sakafuni anaweza kuishi siku 2 mpaka 6 kwenye joto la kawaida la nyumbani, penye ubaridi na unyevu anaishi zaidi, penye jua kali anakauka mapema. Hatari kwenu ni ndogo lakini ipo, hasa wajukuu wakikaa vifua wazi pale pale alipolala. Baraza imwagiwe maji ya moto na sabuni, mkeka na mswala viingizwe ndani usiku visibaki nje, na viwe vinaanikwa. Wekeni ubao au kigeti kidogo asipite. Kumpiga mawe atarudi usiku ukiwa umelala mzee, nenda kaongee na jirani, mwonyeshe hili jibu.

SWALI: Dada dokta, nina mtoto wa mbwa wa miezi minne, Tabata. Amenyonyoka kuzunguka macho kama amevaa miwani na kidogo kwenye mguu wa mbele. Hajikuni. Jirani anasema ni upele na utawaambukiza watoto, nimuue mapema. Nalia kila nikimwangalia.

JIBU: Usimuue mdogo wangu, wala usilie. Hajikuni, mdogo, kanyonyoka kuzunguka macho na mguu wa mbele, hiyo inafanana sana na upele wa aina nyingine kabisa, wa utitiri anayeitwa Demodex. Huyu mbwa karibu wote wanaye, anatoka kwa mama kwenda kwa mtoto siku za kwanza za kunyonya na anakaa kwenye vinyweleo bila ugomvi. Kinga ya mwili ya mtoto ikiwa bado changa, au ana minyoo, au amedhoofika, ndo wanaongezeka manyoya yanadondoka. Kwa watu hauambukizi, na kwa mbwa wakubwa wazima hauna shida. Ukiwa madoa machache kama hayo mara nyingi unapona wenyewe baada ya miezi miwili hivi ukimpa dawa yake ya minyoo, chakula kizuri na chanjo. Ukisambaa mwili mzima unatibika pia, ila ni safari ndefu.

Mambo mawili tu. Kwanza lazima akwanguliwe, kwa sababu choa, yaani ukungu ule unaotoa duara kama shilingi, nao unanyonyoa manyoya bila muwasho mkubwa na wenyewe unaambukiza watoto kweli, kwa macho huwezi kutofautisha na hata mimi situmii macho peke yake. Kwa huyu Demodex kipimo kinamwonyesha vizuri, sio kama yule mwingine. Pili, mtu asimchome sindano ya kutuliza ngozi ya kundi la steroidi. Hizo zinashusha kinga na kinga ndo inayomshikilia huyu mdudu, nimeona madoa mawili yakawa mwili mzima baada ya sindano moja ya namna hiyo. Muulize wazi anayemchoma, hii ni nini.

SWALI: Dokta mi nina paka wawili, sungura na mbuzi mmoja Chanika, mbwa ndo ana upele. Wengine watapata?

JIBU: Watenganishe leo. Paka huu upele wa mbwa anaupata mara chache, ana utitiri wake ambaye anaanzia ncha za sikio na uso unakuwa na gamba la kijivu, na huo nao unawasha watu kwa muda. Sungura na mbuzi nao wana upele, usiwaweke banda moja na mbwa wala usitumie brashi moja. Lakini kinachonitisha kwako ni dawa. Kuna dawa ya unga na ya maji ya mbwa yenye pemetrini, paka akiipata, hata kwa kulala ubavuni kwa mbwa aliyepakwa muda huo huo, anatetemeka mpaka kufa. Amitrazi ile ya kuogeshea ng'ombe kupe nayo paka usimguse nayo. Mbwa akiogeshwa, paka wafungie ndani mpaka mbwa akauke kabisa.

SWALI: Shikamoo dokta, mi ni kijana niko Goba, nina mbwa watatu. Mmoja alipata upele nikanunua ivemektini ya ng'ombe duka la dawa za mifugo nikamchoma mwenyewe, akapona kabisa, manyoya yakaanza kurudi. Baada ya mwezi upele huo tena na sasa wawili wanao. Dawa ni feki au? Na nimchome ngapi safari hii?

JIBU: Marahaba. Sidhani kama dawa ni feki. Uliua wadudu waliokuwepo siku ile, mayai yakabaki, yakaanguliwa, na hukuwepo. Ndo zile wiki 3 nilizomwambia mama wa Mbagala. Kwa dawa hii ya sindano huwa tunarudia kila baada ya wiki 2, mara mbili tatu, na tunaendelea hata baada ya kujikuna kuisha.

Kosa la pili ni hao wengine wawili. Mwanzoni mwa kazi yangu nililifanya hilo hilo, niliitwa nyumba yenye mbwa watatu, mmoja ana upele wawili wanang'aa, nikamtibu mgonjwa nikaondoka, mama wa watu akalipa. Baada ya wiki sita kanipigia, wote watatu. Nilirudi nikawatibu bila kumdai maana kosa lilikuwa langu. Mbwa anaweza kukaa na wadudu hata wiki kadhaa kabla hajaanza kuonyesha, kwa hiyo anayeng'aa leo huenda ndo anayempa mwenzake keshokutwa. Wanaolala pamoja wote wanatibiwa siku moja.

Kuhusu ngapi, hapana, hiyo sikuandikii. Ile chupa ya asilimia 1 imepimwa kwa ng'ombe, mililita 1 kwa kilo 50. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 kwa hesabu hiyo hiyo ni sehemu ya kumi ya mililita, na wewe najua una bomba la mililita 5 lenye mistari mikubwa, ukikosea mstari mmoja umempa mara mbili tatu. Akizidishiwa anayumba kama mlevi, macho yanafunguka makubwa hayaoni, anatoa mate, anatetemeka, wengine wanalala hawaamki. Na kuna mbwa wa asili ya Collie na mbwa wengine wa kizungu wa kuchunga mifugo ambao kwa maumbile ubongo wao hauizuii dawa hii, kipimo hicho cha upele ambacho mwenzake hakisikii yeye kinamlaza. Mbwa wetu wengi wa Dar wamechanganyika, huwezi kujua babu yake alikuwa nani. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna, vile vya kupe na viroboto vyenye fluralana au afoksolana, vinaua na huyu mdudu, ni ghali kidogo ila kosa la mstari wa bomba halipo, unapima kilo tu. Kama kuna mwenye kifafa mwambie dokta kwanza. Kwa hiyo wapime uzito, panda na mbwa kwenye mizani ya watu, toa uzito wako, andika, mpigie dokta.

Na la mwisho ambalo watu wa Goba na Mbezi na huko kote kwenye nyumba za fensi mnanisumbua nalo. Mnawafungulia mbwa usiku, geti lina upenyo chini, wanatoka, wanakutana na wa jirani na mbwa koko pale penye jalala la mtaa, wanacheza, wanarudi alfajiri. Wewe umetibu wako watatu, jirani ana wawili hajatibu, mwezi ujao tunaanza upya. Ongea nao. Mkiwa hata nyumba nne mnamwita dokta mmoja Jumamosi moja, gharama ya usafiri mnagawana, mbwa wote wanapata siku moja na tarehe ya kurudia inajulikana kwa wote, na mkiweza mnaunganisha na chanjo ya kichaa cha mbwa, mkono ukishaingia kazini ni huo huo. Mbwa koko wa hapo mtaani ambaye mama lishe anamlisha muulizeni huyo mama, atamshika bila shida, naye aingizwe kwenye hesabu.

Wiki hiyo kabla ya Jumamosi zibeni huo upenyo wa geti kwa tofali mbili. Na mlinzi wa usiku, yule ambaye ndo anamshika mbwa kila siku kuliko wewe, mpe glavu, mweleze dalili za kwenye ngozi yake mwenyewe, na mwandikie tarehe ya dozi ya pili kwenye ukuta wa kibanda chake kwa chaki, kubwa.